Sura Yangu Kwenye Chupa ya Wimbi

Jumatatu, 4 Agosti. Matulo.

Leo imethibitishwa. Bila mimi, Wepukhulu wa Matulo, kiwanda cha bia cha Kitale hakiwezi kufungua hata kizibo kimoja.

Mambo yalikuwa hivi. Rosaline, mtoto wa dada yangu, ameandikwa kazi ya kaunta kwa kiwanda kidogo cha bia kule Kitale. Si bia za kreti zile za kila siku. Hizi wanapika kidogo kidogo, kwa mkono, kama mama anapikia wageni chapati, na unanywea hapo hapo kiwandani ukiangalia matangi. Sasa wametengeneza bia ya wimbi, ile nafaka ya uji. Wimbi! Yaani ni busaa tu, pombe yetu ya kienyeji, imeoga na kuvaa tai. Na Jumamosi wanataka mtu mzima kutoka upande wa Bungoma, anayejua pombe ya wimbi ndani nje, aionje mbele ya watu. Akiipitisha, sura yake inachorwa kwenye chupa.

Sura. Kwenye chupa. Kila baa!

Rosaline alimpigia simu mke wangu, Nasipwondi. Mimi nilikuwa nje nikisimamia kuku. Simu ilikuwa kwa spika, nikasikia yote kupitia dirishani ila pale kuku walipopiga kelele, ati wanataka mtu wa kwetu mwenye heshima, asiyeogopa kusema ukweli. Nikajua ni mimi. Nani mwingine? Nikaingia nikamwambia Nasipwondi asijisumbue kunieleza, nimeshakubali. Akaniangalia vile huwa anaangalia maziwa yakikaribia kumwagika. Akasema ingekuwa vizuri niulize kwanza. Nikamwambia mtu wa kiwango changu haulizi, anaulizwa.

Wacha niseme kitu. Kwenye picha zote za ukoo huu mimi ni kiwiko. Harusi ya dada yangu: kiwiko upande wa kushoto. Mazishi ya baba: kiwiko na kofia. Siku mbunge alikuja kufungua kisima nilisimama karibu naye kabisa, picha ikatoka, na hapo pembeni kuna kiwiko, watu wakauliza ni cha nani. Sasa basi! Kiwiko kitapumzika. Ni zamu ya uso.

Nimefunga lusekhe yangu kwa gazeti. Lusekhe ni ule mrija mrefu wa kunywea busaa chunguni, wenye kichujio cha kusukwa kwenye ncha. Wangu ni mrefu kuliko mimi. Ndio nilionywea kule mpakani Lwakhakha mwaka ule, nikavuta chungu mpaka kikabaki vumbi, na watu wa ng'ambo ya Uganda wakaja kuangalia kama mto bado uko.

Kesho Kitale.

Jumanne, 5 Agosti. Kitale.

Baridi hapa haibishi hodi.

Rosaline ana chumba kimoja, kitanda kimoja na aibu nyingi. Alishtuka kuniona. Akaniuliza nimeletwa na nini. Nikamkonyeza, nikamwambia siri iko salama. Akasema, Anko, siri gani? Mtoto mjanja. Anajua kuficha mambo ya kiwanda.

Nimelala kwa Farid, mwenye hoteli ya chai na sambusa karibu na msikiti. Tumejuana tangu nikimletea vitunguu. Ananiita Mheshimiwa, lakini anavyolitamka unasikia kicheko kimejificha ndani. Masharti yake: kwake hakuingii tone la pombe, wala harufu yake, na nikirudi nikinuka nitalala na mbuzi. Nikamweleza kwamba mimi sinywi, mimi ninaonja, hiyo ni taaluma. Farid akasema mbuzi wake hajali taaluma.

Mchana nikaenda kiwandani. Kilikuwa ghala la mahindi zamani. Bado ukuta unanuka gunia. Sasa kuna meza ndefu za mbao, matangi ya chuma yanang'aa mpaka unajiona ukiwa mnene, na mifereji imepangwa ukutani nyuma ya kaunta. Mwenye kiwanda ni Nyaguthii, msichana mdogo wa gambuti na miwani, anaongea juu ya shayiri kama mtu anaongea juu ya watoto wake, huyu ni mtulivu, huyu ni mkorofi.

Nikaagiza. Wakaniletea ubao wenye vigilasi vinne. Vidogo! Vya kupimia dawa ya kikohozi! Nikamuuliza Nyaguthii kama kuna mgonjwa. Akasema, hapana Mzee, hivyo ni vya kuonja, unaanza na nyepesi unaenda mpaka nzito. Nikanywa vyote vinne kabla hajamaliza kunieleza cha kwanza. Akaniuliza nimesikia ladha gani. Nikafunga macho. Nikasema nimesikia moshi wa jikoni, ngozi ya ng'ombe aliyenyeshewa, na mbali kidogo, harusi. Akaandika! Naapa aliandika.

Hapo nikaona niwaonyeshe mambo. Nikafungua gazeti nikatoa lusekhe. Watu wa kaunta wakageuka kuangalia. Shida ndogo: mrija ni mrefu na gilasi ni fupi, kwa hivyo nikikaa mahali pangu, ncha inafika meza ya pili. Basi nikaonja meza ya pili. Kilikuwa kigilasi cha mwanamume mmoja wa kofia ya pama, alikuwa amegeuka akipiga hadithi. Aliporudi akakuta kitupu. Akafuata mrija kwa macho, taratibu, kutoka gilasini, ukapita juu ya chumvi, juu ya mkoba wa mtu, mpaka mdomoni mwangu.

Huyo ni Waithaka. Ana shamba na nguruwe huko Saboti. Hakukasirika. Alisema ati hajawahi kuona mtu akiiba akiwa amekaa mbali hivyo. Kisha akaniambia bila aibu kwamba yeye pia amesikia habari ya chupa. Ati nyanya yake alikuwa akipika muratina, ile pombe yao ya asali, tamu mpaka nyuki walikuwa wanapanga foleni. Ati mashavu yake yanafaa kuchapishwa. Akageuka upande ili niyaone.

Mashavu ni mazuri. Lazima mtu huyu aondolewe.

(Nimelala na mbuzi.)

Jumatano, 6 Agosti.

Mpango wa kwanza. Safi kama maji.

Nimechunguza. Waithaka ana mke, Wakonyo, na Wakonyo ni kiongozi wa akina mama kanisani. Waithaka humwambia anaenda kiwandani kuchukua chakula cha nguruwe tu. Hiyo ni kweli, lakini si kweli yote. Nikavaa koti la kahawia nikaenda Saboti.

Nikamkuta Wakonyo akichagua viazi. Nikajitambulisha kama rafiki wa familia. Akanipa chai ya maziwa na viazi vya kuchoma. Nikasifu viazi. Nikasifu paa. Nikasifu kanisa. Halafu nikashusha pumzi kama mtu aliyebeba msiba, nikamwambia kwa uchungu kwamba Jumamosi bwana yake anataka kubandikwa kwenye chupa ya pombe, na uso wake utakaa juu ya meza za walevi kutoka hapa mpaka Malaba, wakimshika shingo.

Wakonyo aliacha kuchagua. Alichukua kiazi kimoja kikubwa, akakipima kwa mkono, akakiweka chini. Akaniuliza kama nitaongezwa chai. Nilikataa kwa sababu nilikuwa nimeona vile alikishika kile kiazi.

Nimerudi mjini nikiimba. Farid akauliza nimefurahia nini. Nikamwambia nimesaidia ndoa ya watu. Farid akasema Mungu aihurumie hiyo ndoa.

Alhamisi, 7 Agosti.

Ushindi! Waithaka amekuja mwenyewe hotelini kwa Farid, kofia mkononi. Amekatazwa. Ati Wakonyo amemwambia achague, chupa au chakula cha jioni, na mpaka mwisho wa dunia. Nikamshika bega nikamwambia pole ndugu yangu, dunia ina masengenyo, watu wabaya ni wengi. Akasema ni kweli, tena wengine wanavaa makoti ya kahawia. Nikakubaliana naye. Nilikuwa nimeacha koti ndani.

Halafu bana, ona roho ya huyo mtu. Akasema kwa vile yeye ameshatolewa, ni afadhali mimi nishinde kuliko mgeni. Akavuta kiti. Akanong'ona. Ati ile bia ya wimbi yenyewe, ile ya siri, haiko kwa matangi ya kung'aa. Hayo ni ya kuonyesha wageni. Iko kwa pipa la buluu, kona ya nyuma, limefunikwa gunia. Ati inaivia hapo polepole. Mtu akiionja mapema Jumamosi kabla ya watu, ataweza kuitaja ladha yake yote kabla haijamiminwa, na Nyaguthii atabaki mdomo wazi.

Nikamuuliza kwa nini ananisaidia. Akasema ni urafiki tu. Akatabasamu.

Alipotoka, Farid aliyekuwa akikaanga sambusa alisema meno ya yule mtu yamekuwa mengi sana kwa mtu mwenye huzuni. Wivu. Farid hajawahi kutakiwa na chupa yoyote.

Ijumaa, 8 Agosti.

Matayarisho ya uso.

Nimenyolewa. Kinyozi aliniuliza ninataka mtindo gani, nikamwambia wa chupa. Hakuelewa, lakini alifanya kazi nzuri. Nikanunua rangi nyeusi ya ndevu, maana mvi kwenye bia zinaweza kufanya watu wafikiri imelala. Maelezo kwenye pakiti yalikuwa marefu kwa hivyo sikusoma. Rangi imeshika ndevu vizuri sana. Imeshika pia kidevu, sikio moja na mto wa Farid.

Waumini wakitoka msikitini mchana walinisalimia kwa heshima kubwa, kisha nikasikia wakicheka mbele kidogo. Farid anasema nafanana na mtu aliyebusu sufuria. Nikamwambia ngoja Jumamosi. Akasema Jumamosi anangoja mto wake mpya.

Nimefanya mazoezi ya sura mbele ya kioo. Sura ya kwanza: hekima. Ya pili: furaha yenye hekima. Ya tatu: mtu anayeangalia mlima. Nimechagua ya tatu. Nikaishika muda mrefu mpaka shingo ikakataa kurudi.

Nimepiga simu nyumbani nimwambie Nasipwondi ajiandae kuwa mke wa chupa. Akaanza kusema kuna jambo anataka nijue kuhusu kesho, ni la muhimu, niache kuongea kidogo. Nikamwambia najua, ana wasiwasi, wanawake ni hivyo. Nikakata ili nisipoteze sura.

Jumamosi, 9 Agosti.

Ninaandika nikiwa nimelala kwa ubavu. Ubavu mwingine haukubali.

Nilifika kiwandani mapema, kabla ya wageni. Rosaline alikuwa akipanga viti, hakuniona. Nikapita nyuma ya matangi kwa vidole vya miguu. Kona. Pipa la buluu. Gunia. Kama alivyosema! Nikafunua. Harufu ilinipiga kofi. Nikajiambia hiyo ndiyo bia ya siri, si mchezo. Nikachomeka lusekhe, nikakaa chini nyuma ya pipa, nikavuta.

Nzito! Chachu! Mrija uliziba mara kwa mara, ikabidi nivute kwa mapafu yote na mengine ya kuazima. Lakini mimi si mtu wa kushindwa na pipa. Nikavuta. Nikatafuta ladha. Nikapata: shamba baada ya mvua, uji wa juzi, nguvu ya mababu. Nikajiambia, Wepukhulu, hujawahi kunywa kitu cha maana hivi.

Ndipo nikasikia gari. Vigelegele. Watu wakiingia. Nikajipanguza midomo nitoke kama bwana harusi. Nikasikia Nyaguthii akisema kwa sauti, karibu sana, tumekungoja kwa hamu, keti hapa mbele. Nikajua wananitafuta. Nikainua kichwa kidogo.

Na nikasikia kikohozi.

Nakijua hicho kikohozi. Kilinikataa mara mbili kabla ya kunipa mke. Nikachungulia chini ya tangi nikaona viatu vyeusi vya kamba, na juu ya viatu pindo la kitenge cha sherehe. Mama mkwe!

Jina lake siandiki hata hapa. Kwetu mkwe hataji jina la mama mkwe. Hakai naye chumba kimoja. Hamwangalii usoni, hali mbele yake, na habari ya kunywa pombe moja na yeye usiiote hata ukiwa na homa. Tukikutana njiani mmoja wetu anaingia kwenye mahindi, na siku zote huwa ni mimi. Na sasa yeye yuko kwenye kiti cha mbele, mlango wa nyuma uko mbele ya macho yake, na mimi niko chini na mrija mdomoni.

Ndio nikaelewa simu ya Rosaline ilikuwa inatafuta nani.

Siwezi kukataa, mama huyo anajua busaa. Amepikia harusi zote za Matulo na nusu ya Webuye. Lakini mtu kuja kumnyang'anya mkwe wake chupa! Nikabaki nyuma ya pipa. Sina la kufanya. Na kwa sababu sina la kufanya, na mrija ulikuwa hapo, nikaendelea kuvuta.

Wakammiminia. Akaonja. Akazungusha gilasi. Akasema bia ni nzuri ya kutazama, kama bibi harusi, lakini unga ulikaangwa haraka haraka kama na mtu anayeogopa mume amerudi. Watu wakaangua kicheko. Akasema wakaange polepole, mpaka jirani aulize kuna nini. Halafu akasema, hata hivyo, mmejaribu, naipitisha. Vigelegele. Mtu akapiga picha. Nilisikia kamera ikilia, na mimi hata kiwiko sikutoa.

Hapo ndipo tumbo lilianza.

Lilianza chini kabisa, kama trekta mbali. Likapanda. Likanguruma mpaka pipa likaitikia. Watu wakageuka. Mama mkwe akauliza, Nyaguthii mwanangu, hilo pipa lenu lina mtu ama lina mvua?

Rosaline akaja mbio kuchungulia. Akaniona. Rangi ya ndevu ilikuwa imeyeyuka kwa jasho ikafika kwenye shati. Macho yake yalikuwa makubwa kuliko vigilasi vya kuonjea. Lakini mtoto ana akili. Akageuka akasema, si kitu Kukhu (ndivyo kwetu huita nyanya), ni machicha tu yanachacha. Akavuta gunia akanitupia kichwani. Akaninong'oneza: Anko, toka. Na ukitoka, usirudi kama mtu.

Nikatambaa. Ndani ya gunia, kwa magoti, kuelekea mlango wa nyuma, nikishika lusekhe kwapani kwa sababu mtu haachi mali yake. Na hiyo ndiyo iliniua. Mrija ulikuwa umekaa kwa upana. Ulipofika mlangoni ukagonga nguzo mbili, huku na huku. Nikasukuma. Ukapinda, ukanirudisha. Nikasukuma. Ukanirudisha. Ukumbi wote ukiangalia gunia likipigana na mlango.

Mama mkwe aligeuza uso ukutani, kama adabu inavyotaka. Hakuongea na mimi, hawezi. Aliongea na tangi. Alisema, wewe tangi, ukiona hilo gunia, liambie linyooshe kijiti chake, halafu liambie mke wake anangojea kuni tangu Jumatatu.

Kicheko kilinitoa nje chenyewe.

Jumapili, 10 Agosti.

Siwezi kueleza usiku. Sitaueleza. Mbuzi wa Farid alihama.

Farid ameniletea chai ya rangi yenye tangawizi na akaondoa mto kabla sijaugusa. Baadaye Rosaline akaja na Waithaka. Waithaka alikuwa ameleta unga wa uji. Aliingia na uso wa kanisani, akaniona, akatoka nje kucheka, akarudi, akatoka tena. Alipopata sauti aliniuliza bia ya siri ilikuwaje.

Nikamwambia ilikuwa na nguvu ya mababu.

Akasema nguruwe wake pia huipenda. Lile pipa ni la machicha, mabaki yanayobaki bia ikishachujwa, na yeye huyabeba kila Jumamosi kupelekea nguruwe. Jana walilala njaa. Ati walisimama kwenye uzio wakimwangalia kwa lawama, na yeye akawaambia ukweli, kwamba mwenzao mmoja kutoka Matulo aliwahi. Kisha akaniambia Wakonyo ananisalimia. Ati anauliza rafiki wa familia atakuja lini tena, amemwekea kiazi.

Rosaline alicheka mpaka akakaa kitandani juu ya mguu wangu. Halafu akawa mpole. Akasema, Anko, ungeuliza tu. Ungeniambia unataka picha, ningekupiga mwenyewe, hapa nje, na simu yangu. Nikamwambia picha ya simu si chupa. Akanitazama kidogo, akasema, najua.

Nimelala nikielekea ukutani. Moshi wa sambusa unaingia machoni hapa.

Jumatano, 13 Agosti. Matulo.

Nyumbani. Kesi imenitangulia.

Shitaka: kwamba nimemwona mama mkwe wangu na nimekunywa naye nyumba moja. Faini ni kuku wa kusafisha macho. Wazee wakakaa. Nikajitetea kama wakili. Nikasema sikumwona mtu, niliona viatu. Mzee mmoja akauliza viatu vilikuwa na miguu ndani? Nikasema sikuchungulia. Mwingine akasema viatu vikiwa vimesimama vyenyewe si ni uchawi, na faini ya uchawi ni ng'ombe. Nikakubali haraka kwamba vilikuwa na miguu.

Habari ya kunywa nyumba moja, nikasema yeye alikunywa bia na mimi nilikunywa chakula cha nguruwe, hivyo hatukushiriki. Baraza likavunjika kwa kicheko. Hata mzee mmoja aliyekuwa mgonjwa alicheka. Uamuzi: kuku, na awe jogoo, na mimi nisiseme tena.

Nasipwondi amempeleka jogoo kwa mama yake. Amerudi na ujumbe. Ati mama anashukuru, na anauliza kama gunia limepona.

Jumamosi, 30 Agosti. Bungoma.

Chupa zimefika mjini.

Nikiri, wamemchora vizuri. Kitambaa cha kichwa, shavu, lile jicho moja analofumba akikukadiria. Na chini ya picha bia imepewa jina. Lake! Maana yake mimi siwezi kuinywa, siwezi kuiagiza, na nikiulizwa inaitwaje lazima nioneshe kwa kidole, na kidole pia ni dharau.

Rafiki yangu Mukhwana amegundua jambo hili mapema kuliko mimi. Nilikuwa nimekaa mahali pangu, ile kona nzuri karibu na televisheni, mpira uko karibu kuanza. Mukhwana akaja akaweka chupa mezani, uso ukiangalia kwangu, akasema, karibu mzee, tukae na mama. Nikainuka. Ningefanya nini? Akakaa kiti changu. Nikaenda meza nyingine. Mtu mwingine akaona, akaagiza chupa, akaiweka hapo. Nikainuka. Kufika mapumziko ya mpira bia hiyo ilikuwa imeisha kaunta, wenye baa wananishukuru, na mimi nilikuwa nikitazama mechi kutoka nje kupitia dirishani. Mchuuzi wa njugu aliniuliza nimefukuzwa na nani. Nikasema ni mambo ya kifamilia.

Lakini simama hapo! Mimi nimeshasonga mbele. Kuna mwanamume Lwakhakha anaanza kutengeneza divai ya ndizi, na nimesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu kwamba anatafuta sura. Uso wa mtu mzima, mwenye heshima, anayejua mambo ya mpakani. Ni mimi anayemaanisha, hakuna haja ya kumuuliza. Nimepiga pasi shati. Nimenunua rangi nyingine ya ndevu, pakiti kubwa, yenye maelezo marefu zaidi. Waithaka naye anaenda, nimeambiwa, ati huyo anatafuta maganda ya kulisha nguruwe. Nguruwe! Mimi si mtoto. Tayari nimejua mchungaji wa Wakonyo anakaa wapi, na Jumatatu nitampitia na koti jipya. La kijani.

Nasipwondi amesema ana jambo anataka kuniambia kuhusu huyo mtu wa divai. Nimemwambia nitamsikiliza nikirudi.

Kuna kitu kimoja kimebaki, na ni kidogo, nitakiandika haraka. Mukhwana alipoiweka ile chupa mara ya kwanza, sikuinuka mara moja kama nilivyosema. Nilitoa kofia. Nikainamisha macho kwenye sakafu. Nikaisalimia, kwa salamu ile ndefu ya mkwe, na nikauliza hali ya ng'ombe.

Halafu nikangoja ijibu.